Kuba Isiyo na Nondo

Miaka tisa baada ya kuikabidhi, nilirudi kuitazama ile nyumba. Ni nyumba ya ghorofa moja karibu na bahari, upande wa Pangani, na mimi ndiye niliyekuwa fundi sanifu msimamizi wa zege lake tangu msingi hadi mkanda wa juu. Hakuna aliyeniita. Nilikuwa ninapita na basi la Tanga, nikateremka. Chini ya kibaraza, kwenye bimu inayotazama bahari, zege lilikuwa limebanduka kipande cha urefu wa mkono. Ndani yake nondo ilikuwa imevimba, nyekundu kama udongo wa Lushoto, na nilipoigusa ilimeguka kwa ukucha.

Mwenye nyumba, mzee mstaafu, alinikaribisha chai ya tangawizi. Hakunilaumu hata kwa neno. Aliniuliza swali moja tu: "Fundi, hii itanifikisha?" Nilimaliza chai, nikaaga, sikumjibu.

Swali hilo nilikwenda nalo hadi Roma. Dada yangu ameolewa Italia, na alipojifungua shemeji alinikatia tiketi nikamwone mpwa wangu. Siku mbili za mwisho za safari nilipanda treni peke yangu. Sikuwa na haja ya kuzunguka mji mzima. Nilitaka kuliona jengo moja ambalo chuoni tulilisoma kwa aya tatu, mwalimu akageuza ukurasa: Pantheon, hekalu la kale la Warumi.

Mvua ilikuwa inanyesha, nami namshukuru Mungu kwa mvua ile. Kuba ya Pantheon ina tundu la wazi kileleni, upana wake zaidi ya mita 8, halina kioo wala kifuniko. Maji yalishuka kutoka mbinguni yakapita katikati ya jengo na kutua kwenye marumaru, na sakafu, ambayo imeinuka kidogo katikati, ikayasukuma kwenye vitundu vya kuyapeleka chini. Watu walikuwa wamesimama kulizunguka duara la maji. Mimi nilikuwa nimeinua shingo hadi ikauma.

Upana wa kuba ile ni mita 43.3, na kimo kutoka sakafuni hadi kwenye tundu ni hichohicho. Ilikamilika enzi ya Kaizari Hadrian, karibu na mwaka 125 BK. Ni zege. Sisemi mawe yaliyochongwa na kupangwa, nasema zege lililomwagwa juu ya mbao kama tunavyomwaga sisi, na ndani yake hamna nondo hata moja. Hadi leo hakuna kuba ya zege tupu lisilo na chuma inayoizidi kwa ukubwa duniani.

Fundi akiingia mle huanza kutafuta ujanja uko wapi, na ujanja upo, tena unaonekana. Ukuta unaobeba kuba una unene wa mita 6 hivi. Kuba yenyewe chini ni nene karibu kiasi hicho, kisha inapungua kadiri inavyopanda, hadi ikifika kwenye tundu imebaki mita 1.2. Kokoto nazo zinabadilika. Chini kabisa waliweka mawe mazito, juu yake tufu, yaani jiwe la majivu ya volkano yaliyogandamana, na vipande vya matofali, na kileleni mawe mepesi ya volkano, ndugu wa lile jiwe ambalo mama zetu husugulia nyayo, linaloelea ukilitupa kwenye ndoo ya maji. Safu tano za vishimo vya mraba upande wa ndani, 28 kila safu, zinapunguza uzito zaidi. Jengo zima linajikandamiza lenyewe kuelekea chini, na zege linapenda kukandamizwa.

Lakini kuba ile ina nyufa. Zinapanda kutoka kitakoni kwenda juu kama mishono ya chungwa lililomenywa, na wataalamu waliozipima wanaamini nyingi ni za tangu zamani sana. Kuba ilipasuka, ikagawanyika kama matao mengi yaliyoegemeana, na ukuta ule mnene ukayashika. Haianguki kwa sababu umbo lake linakubali kupasuka. Hilo halikuwemo katika aya tatu za chuoni.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa. Nikiwa mdogo nilimwona akipanga magogo ya mikoko kwa duara, akirundika matumbawe juu yake, kisha moto ukawashwa katikati na kuachwa ule usiku na mchana. Matumbawe yakishaiva yalipukutika kuwa unga mweupe, na unga ule uliachwa nje miezi mingi unyeshewe hadi uzimike wote. Nikishika donge gumu jeupe ndani ya rundo, alinipiga kofi la mkono: "Mjukuu wangu, acha hilo, bado lina moto ndani." Kwake donge lilikuwa kasoro. Fundi aliyepaka ukuta kwa chokaa yenye madonge aliitwa jina baya.

Sasa, zege la Warumi limejaa madonge meupe kama yale. Kwa miaka mingi watafiti waliyaona kama babu alivyoyaona, kwamba ni uchanganyaji mbovu. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, chini ya Admir Masic, walichapisha hoja tofauti baada ya kuchunguza zege kutoka mji wa kale wa Privernum. Warumi, wanasema, walichanganya chokaa ikiwa bado haijazimwa, mchanganyiko ukachemka, na madonge yakabaki humo kama akiba. Ufa ukitokea na maji yakapita, donge linayeyuka kidogo, chokaa inasafiri na maji hadi kwenye ufa na kuganda huko. Walitengeneza zege la namna hiyo, wakalipasua kwa ufa wa nusu milimita, wakapitisha maji. Baada ya wiki mbili maji hayakupita tena. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka babu hadi machozi yakanitoka. Moto ule ndani ya donge ndio uliokuwa dawa.

Sehemu ya pili ya mchanganyiko ni majivu ya volkano, na yaliyosifika zaidi yalichimbwa Pozzuoli karibu na Napoli, ndiyo maana hadi leo majivu ya aina hiyo yanaitwa pozolana. Vitruvius, msanifu aliyeandika katika karne ya kwanza KK, ameacha hata vipimo: sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga wa kuchimbwa ukijenga nchi kavu, 1 kwa 2 za majivu ukijenga ndani ya maji. Majivu hayo yakikutana na chokaa hugandamana hata chini ya bahari. Mfalme Herode aliyasafirisha kwa merikebu kutoka Italia ili ajenge gati la Kaisaria, mji uleule ambao Paulo alikaa kifungoni miaka miwili. Gati lilizama baadaye kwa sababu chini yake palititia, ila zege lake bado liko baharini. Mwaka 2017 Marie Jackson na wenzake walionyesha kwamba maji ya chumvi yanayopenya zege la namna hiyo huotesha ndani yake fuwele za madini zinazolifunga zaidi. Mwandishi wa Kirumi Plinio alikwisha kusema kwamba unga ule ukizamishwa baharini huwa jiwe moja lisiloshindwa na mawimbi, na kila siku huzidi kuwa imara.

Hapa niseme kuhusu neno letu. Saruji tumeipokea kutoka Uajemi na Uarabuni, na huko haikuwa unga wa kijivu wa mfuko wa kilo 50. Oman, mafundi wa ngome na wa mifereji ya aflaji waliita hivyo udongo uliochomwa, ukasagwa, ukachanganywa na chokaa, nao hauogopi maji. Udongo uliochomwa hufanya kazi ileile ya majivu ya volkano, na Warumi nao walisaga vigae na matofali wakavichanganya na chokaa kwa ajili ya mabirika yao. Saruji ya kiwandani tuliyonayo, Joseph Aspdin aliipatia hataza Uingereza mwaka 1824. Neno lilikuwa limeitangulia kwa karne nyingi, likitaja kitu kilicho jamaa wa karibu wa zege la Roma. Kila fundi wa kwetu anayesema "leta saruji" analitamka bila kujua.

Zipo video nyingi mtandaoni zinazosema Warumi walikuwa na siri, siri ikapotea, na sisi tunajenga takataka. Nazielewa, lakini sikubaliani nazo. Kwa kubeba mzigo, zege la leo lina nguvu mara kadhaa kuliko la Pantheon. Majivu ya volkano nayo hayajapotea, viwanda vya Afrika Mashariki vinayachanganya kwenye baadhi ya saruji zao. Na kuna daraja la reli la Glenfinnan huko Scotland, matao 21 ya zege la saruji ya kiwandani, lililojengwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Halina nondo, na treni zinapita juu yake hadi sasa.

Tofauti kubwa iko kwenye chuma. Zege linavumilia kukandamizwa, halivumilii kuvutwa. Mfaransa Joseph Monier, aliyekuwa mtunza bustani, alipata hataza mwaka 1867 kwa vyungu vya zege vilivyofumwa kwa nyaya za chuma, na kutoka hapo dunia ikabadilika. Nondo inapokea mvuto, zege linapokea mkandamizo, na sasa tunaweza kuwa na bimu nyembamba, kibaraza kinachoning'inia, ghorofa kumi kwenye kiwanja cha nyumba moja. Hadrian hakuweza hivyo vyote. Alilazimika kujenga ukuta wa mita 6.

Bei ya ruhusa hiyo ni kutu. Saruji mbichi ina ukali wa magadi, na ukali huo ndio unaoilinda nondo. Lakini hewa ya ukaa huingia ndani ya zege polepole mwaka hadi mwaka na kuupunguza ukali, na chumvi ya bahari huufikia chuma hata kabla ya hapo. Chuma kikianza kuoza kinavimba, kutu huchukua nafasi mara mbili hadi mara sita ya chuma kilicholiwa, na zege linapasuka kutoka ndani. Maji yale yanayolinenepesha zege la Kaisaria ndiyo yanayoliua la kwetu. Kinachosimama kati ya nondo na bahari ni milimita chache za zege, na milimita hizo ziko mikononi mwa fundi.

Kwenye ile nyumba ya Pangani mchoro ulidai milimita 50. Jioni ya kumwaga niliona vibarua wamekanyaga nondo hadi zimelalia ubao. Mashine ilikuwa inazunguka, mchanganyiko uko tayari, jua linazama. Nilisema "mwageni." Mchanga ulikuwa umeletwa usiku na mtu ambaye sikumuuliza ameuchota wapi, ingawa niliona vipande vya kombe ndani yake. Maji ya kumwagilia zege yalinunuliwa kwa boza, na baada ya siku ya tatu boza halikuja tena. Zege lile lilitakiwa kunyweshwa siku saba kwa uchache. Nimelala na hizo siku nne kwa miaka mingi.

Kwa hiyo nilipokuta maneno ya Plinio kuhusu kuanguka kwa majengo ya Roma, nilishtuka. Anasema sababu kuu ni wizi wa chokaa: mawe yanapangwa bila kiasi cha chokaa cha kuyashika. Aliandika katika karne ya kwanza, katika mji huohuo wenye Pantheon. Ni kesi yetu hasa. Mifuko kumi imeandikwa, sita imeingia kwenye mashine.

Roma iliporomoka kila siku. Wapangaji waliishi kwenye maghorofa ya tofali na mbao ambayo Kaizari Augustus alilazimika kuyawekea kikomo cha futi 70. Mwaka 44 KK Cicero, mwanasiasa wa Roma, alimwandikia rafiki yake Atticus kwamba maduka yake mawili yameanguka na mengine yana nyufa, na si wapangaji tu, hata panya wamehama. Mwaka 27 BK, huko Fidenae, mtu aitwaye Atilius aliyekuwa ametafuta faida ya haraka alijenga uwanja wa mbao wa kutazamia mapigano, bila msingi kwenye ardhi imara, mbao zake hazikukazwa. Ulianguka umejaa watu. Mwanahistoria Tacitus anataja 50,000 waliokufa au kulemaa. Baada ya hapo Baraza la Seneti liliamuru kwamba uwanja usijengwe ila kwenye ardhi iliyopimwa uimara, na asiandae mapigano mtu mwenye mali chini ya sesterti 400,000, sarafu za Kirumi.

Nasoma amri hiyo nikifikiria Ijumaa ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilipoporomoka na kuua watu 36.

Tunachokiona Roma leo ni kilichobaki. Cha Cicero hakipo. Na si umaskini tu uliochagua: Basilika ya Maxentius, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya nne kwa fedha za makaizari, paa lake kubwa la katikati lilianguka, na leo umebaki upande mmoja wenye matao matatu. Nilisimama chini yake siku yangu ya pili. Ni zege lilelile.

Basi mbona Pantheon imebaki? Umbo lake, unene wake, majivu yake, ndiyo. Lakini pia mwaka 609 ilifanywa kanisa, na tangu hapo haijakosa wenyewe. Kaizari Constans II aliivua vigae vyake vya shaba mwaka 663, na katika karne ya nane Papa Gregory III akaifunika upya kwa risasi. Mtu aliona paa linavuja, akaagiza likarabatiwe. Katika zile karne nyingine ambazo hazina habari, lazima alikuwapo mtu wa kuzibua vile vitundu vya sakafuni.

Kazi hii ya kutunza Warumi waliijua kwa undani. Frontinus alipopewa usimamizi wa maji ya Roma mwaka 97 BK alirithi vikosi viwili, watu 240 wa dola na 460 wa Kaizari, jumla 700, kwa ajili ya mifereji peke yake: wakaguzi, walinzi wa matangi, mafundi wa kutandika mawe, wapiga plasta. Walikuwa watumwa. Sisi watu wa pwani hatuna sababu ya kulitaja neno hilo kwa haraka, maana nasi tunazijua kuta zilizojengwa kwa mikono isiyolipwa. Mfereji wa Aqua Virgo, ulioanza kutiririsha maji mwaka 19 KK, ndio uliofikisha maji kwenye chemchemi ya Trevi, na watalii wanarusha sarafu bila habari za wale 700. Frontinus aliandika pia kwamba ujenzi ufanywe kati ya Aprili na Novemba, na hata humo usimame jua linapokuwa kali mno, kwa sababu mchanganyiko unahitaji hali ya wastani ili ushibe unyevu na kushikana. Mkuu wa maji wa mji mkubwa kuliko yote duniani aliona ni kazi yake kuandika kuhusu kunyweshwa kwa zege. Mimi nilishindwa kufuatilia boza.

Na Italia hiyohiyo, Genova, Agosti 14, 2018, sehemu ya daraja la Morandi ilianguka pamoja na magari, watu 43 wakafa. Lilikuwa limefunguliwa mwaka 1967. Kamba zake za chuma zilifichwa ndani ya zege ili zege lizilinde, na kwa kufichwa huko hakuna aliyeziona zikiliwa. Mbunifu wake, Riccardo Morandi, alikuwa ameonya mwaka 1979 kwamba hewa ya bahari inaliharibu daraja lake na kutu lazima ishughulikiwe. Yeye alirudi kutazama kazi yake, akaandika alichokiona. Miaka 39 ilipita kati ya onyo na anguko.

Niliporudi nyumbani nilipanda basi la Pangani, safari hii kwa makusudi. Nilimweleza mzee yote: nondo zilizolala, mchanga, boza. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa tufanyeje, mwanangu?" Ilikuwa mara ya kwanza aache kuniita fundi.

Tuligonga zege bovu likaondoka hadi nyuma ya nondo, tukasugua chuma kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa, iliyolika sana tukaikata na kufunga mpya, tukafunika kwa mchanganyiko mzito wa mchanga wa mtoni. Nilimwagilia mwenyewe siku kumi na nne. Kisha nikamjibu lile swali. Nilimwambia nyumba itamfikisha, ila itabidi itazamwe kila mwaka, na mimi nitakuja.

Sasa ni mwaka wa nne. Masika yakiisha ninakwenda na nyundo ndogo, mjukuu wake ananishikia ngazi, ninagonga bimu moja baada ya nyingine na kusikiliza. Zege zima hulia kama jiwe. Lililoachana na nondo hulia kama debe. Mwaka huu, bimu ya tatu kutoka mlangoni, upande wa bahari, ililia debe mahali padogo, kama upana wa kiganja. Kijana alisikia kabla yangu. Nilimpa chaki, akapazungushia duara.